Mwanya wa Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo. Imekuja bila hata wingu la kubisha hodi, na bati letu juu ya jiko limeanza kuvuja palepale pa mwaka jana.

Daftari hili ni la kuandikia miadi ya wagonjwa. Lilichapwa vibaya, kila ukurasa una saa tatu mara mbili, Daktari akalitupa nikaliokota. Mimi hakuna anayenisubiri saa tatu hata mara moja, kwa hiyo linanifaa.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, mwaka wa kumi na moja sasa. Nachemsha vyombo, nachanganya plasta, ule unga mweupe wa kutengenezea mifano ya meno, nashika mrija wa kunyonya mate, na nawashika mikono watu wazima wanaolia kabla hawajaguswa. Daktari wangu kazi yake kubwa ni kupanga meno na taya: watoto ambao meno yamepandana, taya la chini limetangulia, wengine hata kufumba mdomo hawawezi. Mimi nimeona vinywa vingi kuliko nilivyoona sura. Watu wananisalimia sokoni siwakumbuki mpaka wacheke.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, na binti yangu wa miaka kumi na tatu. Yeye tunamwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajapumzika. Shuleni wamemgundua, wamempa kazi ya kusoma habari za wiki mstarini kila Ijumaa. Chiriku ana mwanya katikati ya meno mawili ya mbele, ya juu. Ameniomba niufunge, anasema unampigia mluzi anaposoma.

Leo nimerudi na pete ndogo za mpira kutoka kliniki, kumi. Ni zile tunazotumia kwa watoto wenye waya wa kupanga meno, hazizidi tundu la kifungo. Nimemvisha moja, imeyakumbatia meno yote mawili vizuri kabisa. Daktari angetaka picha ya eksirei, plasta, vipimo, na mwaka mzima wa kwenda na kurudi. Mimi nimeiona kazi hii ikifanywa mara elfu. Mwanya wenyewe haufiki hata upana wa punje ya mchele.

Jumanne, 4 Machi

Analalamika meno yanamvuta. Nimemwambia ndiyo dalili kwamba yanakwenda. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nne tu! Ukucha wa kidole kidogo uliokuwa unapita leo haupiti. Nimemsimamisha dirishani nikamgeuza kichwa huku na huku mpaka akaniambia, "Mama, mimi si sufuria." Nimecheka peke yangu hadi kazini. Daktari akaniuliza nimeota nini, nikasema hali ya hewa.

Jumatatu, 10 Machi

Pete haipo. Kaamka hanayo. Tumetafuta kitandani, chini ya mto, hakuna. Kameza. Daktari huwaambia watoto wote maneno yaleyale: ukimeza pete ya mpira usiogope, itatoka yenyewe. Nami nimemwambia hivyohivyo, kwa sauti ya Daktari, nikamvisha nyingine.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi amegundua. Alikuwa anamsuka Chiriku, mtoto akapiga miayo.

"Kuna kitu gani hicho mdomoni?"

"Mama ananifunga mwanya, Bibi."

"Anaufunga? Kwani ni mlango?"

Nikamweleza kwamba siku hizi meno hupangwa. Bibi akaacha kusuka, akanitazama na kitana mkononi.

"Ya huyu yamepangwa tayari. Mwanya ni uzuri. Watu wangapi wanautamani?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kumshikia Daktari bomba la mate, mwanangu."

Hasira zilinipanda hadi kwenye utosi. Miaka kumi na moja, na mama yangu mzazi ananiona mshika bomba.

Jumanne, 18 Machi

Ya pili nayo imepotea. Mtoto huyu anakula mipira kama mbuzi. Leo nimemvisha mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, nimezibananisha zionekane moja. Sikumwambia, angelalamika kuvutwa. Afadhali nguvu iongezeke tumalize.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Plasta haikauki, kazi zimelala kliniki nzima.

Jumanne, 25 Machi

Umefungwa! Meno yamegusana, huwezi kupitisha hata uzi. Zile pete mbili zimekwenda zilikokwenda zile za kwanza, lakini kazi imekwisha, sihitaji nyingine. Nimezificha zilizobaki kwenye kopo la vifungo. Chiriku kajitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema, "Nimekuwa kama mtu mwingine." Nikamwambia ndiyo raha yake.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua siku ya nne bila kupumua. Nguo zote zinanuka.

Ijumaa, 4 Aprili

Fizi juu ya meno yale mawili imekuwa nyekundu. Nimemwambia hapigi mswaki vizuri, akasema anapiga. Nimempa maji ya chumvi asukutue asubuhi na jioni. Fizi ikikasirika, maji ya chumvi. Hilo hata mfagiaji wa kliniki analijua.

Jumatano, 9 Aprili

Bibi mezani: "Huyu mtoto anaota meno ya sungura?"

Chiriku akafunga mdomo. Nimemtazama vizuri baada ya chakula. Kweli yamerefuka. Nimejiambia ni fizi imejikunja. Nimejiambia mara tatu.

Jumanne, 15 Aprili

Jino linacheza.

Asubuhi alikuja chumbani kwangu, mkono mdomoni. Chiriku, ambaye huanza kuongea kabla hajafungua macho, akasimama mlangoni kimya. Nikamwuliza kulikoni. Akachukua kidole changu, akakiweka juu ya jino la kushoto, akasema, "Sukuma." Nikagusa tu. Likaenda na kidole changu. La kulia nalo likaenda, kidogo zaidi ya linavyotakiwa, na usaha ukachungulia kwenye ukingo wa fizi.

Nilimwambia asiogope. Nikamwambia nenda shule, kula laini, usiyaguse. Alipotoka nikakaa chini sakafuni. Meno ya kudumu, mtoto wa miaka kumi na tatu. Hakuna mengine nyuma yake. Wagonjwa wanaouliza swali hilo ni mimi huwajibu: haya ndiyo ya mwisho, mama, yatunze.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwuliza Daktari. Sikumwuliza kwa ujasiri, nimemwuliza kwa ujanja. Nilisubiri mgonjwa wa mwisho wa asubuhi atoke, nikawa naosha vioo, nikasema bila kumgeukia:

"Daktari, jirani yangu alimfunga mwanawe mwanya kwa pete ya mpira. Mtoto kaimeza. Sasa meno yanacheza."

Daktari ni mwanamke wa sauti ndogo. Ukimsikia anapandisha, ujue kuna mtu yuko hatarini. Akaweka kalamu.

"Nani kasema kaimeza?"

"Si haionekani?"

"Mama Chiriku, geuka." Nikageuka. "Haijamezwa. Iko ndani."

Akachukua jino la plasta mezani, moja ya yale niliyoyatengeneza mimi mwenyewe, akavuta pete kutoka kwenye kopo akalivisha. Jino la mbele ni pana kwenye ncha, linakuwa jembamba kadiri unavyokwenda kwenye mzizi. Akaachia kidole. Ile pete ikajivuta yenyewe, ikateleza juu kuelekea palipo pembamba, ikakaa hapo, imekaza.

"Kwa watoto wetu pete inashikwa na kile kitufe cha chuma tunachokigundisha kwenye jino. Bila kitufe itashikwa na nini? Inaingia chini ya fizi, inapanda na mzizi, inakata kila kinachoshikilia jino kwenye mfupa. Haiumi sana. Ndiyo ubaya wake. Mzazi anadhani mtoto kameza, anavisha nyingine."

"Na meno?"

"Zikitolewa mapema, pengine. Zikichelewa, yanadondoka yenyewe yakiwa mazima, hayana hata tobo. Jirani yako amlete leo."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikaenda chumba cha kuchemshia vyombo nikafunga mlango. Vitufe vya chuma. Miaka kumi na moja nampa Daktari vitufe, kimoja kimoja, kwenye ncha ya koleo, na sikuwahi kujiuliza vinafanya kazi gani. Bibi alisema kweli. Mshika bomba.

Ziko ndani ya mwanangu. Zote.

Alhamisi, 17 Aprili

Niliamka nimeazimia kumwambia Daktari ukweli. Nilifika, nikavaa aproni, nikaenda moja kwa moja kuchemsha vyombo. Akaniuliza, "Jirani yako mbona hajaja?" Nikasema mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Chiriku kasoma habari za shule na mkono mbele ya mdomo. Mwalimu kamwambia ashushe mkono. Kashusha, kasoma huku midomo imeyafunika meno.

Jumamosi, 19 Aprili

Niandike hili lote, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilichukua kliniki jana ile sindano yenye ndoano tunayochokolea uchafu kwenye fizi. Nilisema moyoni: kama niliziingiza mimi, nitazitoa mimi, na hakuna atakayejua. Bibi alikuwa sokoni. Nikamkalisha Chiriku kwenye kiti dirishani, kichwa kimelala kwenye mto, nikamwambia kuna mpira kidogo umebaki, nautoa mara moja.

"Daktari hajui?"

"Fungua mdomo."

Nikaingiza ndoano kati ya fizi na jino. Ilizama. Ilizama mbali mno, hadi nikaona ncha imepotea na mkono wangu bado unakwenda. Mahali ambapo inatakiwa kugonga mfupa hapakuwa na mfupa. Nikageuza nikitafuta kitu cha kukwama, na mtoto akanishika kifundo cha mkono, akalia sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mchanga. Damu ikajaa mdomoni. Nikasema kidogo tu, kidogo tu, na bado nikaendelea. Nimeandika: bado nikaendelea.

Bibi ndiye aliyenitoa. Sikusikia hata mlango. Alinivuta bega, ndoano ikaanguka chini.

"Umepatwa na nini wewe? Unamchinja mtoto?"

"Mama, naomba."

"Unaomba nini? Mpeleke kwa mwenye kazi yake!"

Akamkumbatia Chiriku, akamfuta kwa kanga yake. Mimi nilisimama pale na glavu zangu zenye damu, maji yanadondoka kutoka kwenye bati, na sikuwa na pa kujificha nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempeleka. Nilipanga nitasema yote kabla hajakaa kwenye kiti. Nilikuwa nayo maneno, niliyasema njia nzima chini ya mwavuli. Tulipoingia, Daktari akamwona Chiriku mkono mdomoni, na akaelewa kabla sijafungua kinywa kwamba hapakuwa na jirani.

Akamlaza. Akatazama, akagusa, akapiga picha ya eksirei. Mfupa kati ya meno yale mawili umeliwa, pamebaki weusi mtupu kama mfuko. Nimeziona picha nyingi za watoto wa wenzangu. Hii niliishika nikaona majina yetu pembeni, nikairudisha.

Daktari akavuta kigoda, akamwinamia. "Nani alikuvisha pete?"

Nikavuta pumzi niseme. Chiriku akanitangulia.

"Mimi mwenyewe."

"Wewe?"

"Nilizichukua kwenye mkoba wa mama. Nilitaka mwanya ufungike."

Hakunitazama. Alitazama taa.

"Ngapi?"

"Tatu. Moja, halafu moja, halafu moja."

Daktari akamkaripia kwa upole, akamwambia mtoto mkubwa kama yeye, mama yake anafanya kazi humuhumu, angeuliza. Chiriku akasema samahani. Nami nikawa nimesimama na bomba la mate mkononi. Nilikuwa na nafasi, hata ya kukohoa, na nikanyamaza. Mtoto wangu kabeba aibu yangu mbele yangu na mimi nikamwachia aibebe.

Njiani kurudi, tulipofika kona, akasimama.

"Ungefukuzwa, Mama," akasema. "Tungekula nini?"

Upasuaji ni keshokutwa.

Jumatano, 23 Aprili

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari aliniuliza, "Utaweza kusimama, au niahirishe nitafute mtu?" Nikasema nitaweza. Meno yale hayana siku ya kuahirisha.

Sindano za ganzi, tatu. Chiriku alishika ukingo wa kiti. Nikavuta mdomo wa juu kwa kishikio, nikaweka mrija. Daktari akapasua fizi, akaifunua kama ukurasa.

Ya kwanza ilikuwa karibu, aliitoa kwa koleo dogo, akaiweka kwenye trei. Ya pili ilikuwa juu zaidi. Ya tatu ilimchukua muda, ilikuwa imezama kwenye nyama nyekundu karibu na mzizi wa kushoto. Zilikuwa nyeusi, zimelainika. Akahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu. Basi." Akakwangua mizizi, akaosha, nami nikanyonya maji na damu. Kisha akasema:

"Uzi wa kushonea."

Uzi uko upande wangu. Nikaushika. Nikamtazama Chiriku, macho yake juu ya kitambaa cha kijani tulichomfunika, anamtazama Daktari kwa imani yote. Alisema tatu kwa sababu anajua tatu. Mara ya tatu zilikuwa mbili. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua hilo, ila mimi. Nikimpa Daktari uzi, atashona, na ile ya nne itabaki humo ikiendelea kupanda.

"Mama Chiriku. Uzi."

"Ziko nne," nikasema.

"Kasema tatu."

"Hajui. Mara ya mwisho niliweka mbili pamoja. Ni mimi, Daktari. Zote ni mimi. Yeye hakuchukua kitu."

Daktari hakunitazama. Nilidhani atanifukuza palepale. Akanyoosha mkono na kusema, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuniambia, "Mvute mdomo zaidi. Mwanga huku." Tukatafuta. Ilikuwa kwenye ncha kabisa ya mzizi wa kushoto, upande wa ndani, mahali ambapo asingefika bila kuambiwa. Alipoitoa haikutoka nzima, ilitoka vipande viwili, akaviunganisha kwenye trei kuhakikisha.

Machozi yalikuwa yanamtoka Chiriku yakiingia masikioni. Hayakuwa ya maumivu, ganzi ilikuwa bado. Sikuweza kumfuta, mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini.

Daktari akashona, akayafunga meno mawili na majirani zake kwa waya mwembamba, ili yasichezecheze. Wiki sita. Kisha tutaona. Alipovua glavu akaniambia, "Kesho usije. Nitakuita."

Ijumaa, 25 Aprili

Sina pa kwenda, kwa hiyo nimekaa nikasoma daftari hili toka mwanzo. Tarehe tatu Machi nimeandika: ameniomba niufunge. Uongo. Hakuniomba. Alisema tu siku moja, akicheka, kwamba mwanya unampigia mluzi akisoma, na wenzake wanaupenda mluzi huo. Mimi ndiye niliyelikamata neno nikaligeuza.

Mwanya ule ni wa baba yake. Uleule, mahali palepale, na anavyocheka ndivyo anavyocheka yule mwanamume, mdomo wa juu unapanda upande mmoja kwanza. Miaka saba tangu atuache akaanzishe nyumba nyingine mtaa wa pili, na kila siku mezani mwangu mtoto akifurahi, ananichekea yule. Nilitaka kula chakula bila kumwona. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia Chiriku sababu. Bibi alinilazimisha. Alisema, "Mtoto amekulinda, na wewe hata ukweli humpi?"

Alinisikiliza akinywa supu kwa mrija. Akauliza: "Kwa hiyo nikicheka unaumia?"

"Nilikuwa naumia."

"Ungeniambia. Ningecheka nikiwa nje."

Sijui kama alikuwa ananitania. Zamani ningejua.

Ijumaa, 2 Mei

Supu, viazi vya kuponda, ndizi. Mvua. Hajasoma habari shuleni wiki ya pili. Wamempa kazi hiyo msichana mwingine, ambaye anasema kwa pua.

Jumapili, 11 Mei

Kila asubuhi namwuliza, "Yanachezaje?" na kila asubuhi anasema, "Sijui." Nimemwomba anifungulie mdomo nitazame tu, kwa macho. Akasema Daktari atatazama. Kila Jumatano Bibi ndiye anampeleka. Mimi nabaki mlangoni.

Jumanne, 20 Mei

La kulia limeanza kushika. Bibi ndiye aliyeniletea habari. La kushoto Daktari hasemi, na Daktari asiposema namjua.

Nimewahi kuchukia mvua hii, lakini sasa naomba isikatike. Imekuwa kama nchi nzima inasubiri pamoja nasi. Ikiisha, wiki sita zitakuwa zimetimia na nitapewa jibu.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Watu wameanika magodoro mpaka kwenye uzio. Sikutoka.

Ijumaa, 6 Juni

Daktari aliagiza nami nije. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo sijawahi kukaa, nikaona kwamba rangi ya ukuta ule ni mbaya na saa ile inapiga kelele. Kisha akaniita ndani, nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Waya ukatolewa. La kulia lilisimama. Daktari akaligonga kwa mpini wa kioo, likatoa sauti ya jino. La kushoto hakuligonga. Aliligusa kwa ncha ya kidole, likainama lenyewe. Akanionyesha picha: mzizi umebaki umening'inia kwenye weusi, hakuna mfupa unaougusa upande wowote.

"Likibaki litakula na mfupa wa mwenzake," akamwambia Chiriku, si mimi. "Nitalitoa leo. Baada ya miezi michache utapata la bandia la kuvaa na kuvua, na ukishamaliza kukua tutaweka la kudumu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka mtu akushike mkono?"

Nilipiga hatua. Chiriku akasema, "Bibi."

Halikuhitaji nguvu. Lilitoka kama linachomolewa kwenye ndizi. Jino zuri, jeupe, zima, lisilo na doa hata moja. Nilitaka kufunga mwanya wa upana wa punje ya mchele, na sasa pale pana mlango.

Daktari akamwekea pamba, akamwambia aume. Akanigeukia. "Jumatatu rudi kazini. Utakaa na vyombo. Mgonjwa hutamgusa mpaka niseme." Nikasema asante. Kisha akaniambia, labda kwa huruma, labda kwa mazoea, "Mpe maelezo ya baada ya kung'oa."

Hayo nimeyasema mara nyingi hata usingizini naweza. Nikachukua karatasi, nikaanza: uma pamba, usinywe cha moto, usile kigumu, lile donge la damu likitoka utaumwa. Nilikuwa sijafika kwenye kusukutua na kutema. Chiriku akainuka kwenye kiti, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu polepole, akampa Bibi.

"Bibi atanisomea," akasema kupitia pamba. Kisha, kwa kuwa ni Chiriku na hawezi kuliacha jambo nusu, akaongeza: "Mama, sikuchukii. Lakini mdomo wangu usiuguse tena. Usiuguse na usiutazame. Kikiniuma kitu nitamwambia Daktari, halafu Bibi, halafu wewe."

Nikasema sawa.

Tumerudi nyumbani, wao mbele wameshikana, mimi nyuma nimebeba mkoba. Bibi aliweka karatasi mezani bila kuisoma, miwani yake haikuwapo, akaenda kutafuta. Chiriku akaingia bafuni akafunga mlango. Nikasikia bomba linafunguliwa. Nikasikia anavuta maji mdomoni na kuyazungusha kwa nguvu, kama nilivyomfundisha kwa chumvi siku zile.

Nilisimama mlangoni, mkono wangu umeinuka kugonga. Nikaushusha. Nikakimbia hadi chumbani kwa mama yangu.

"Mama, mwambie asisukutue. Mwambie ateme taratibu, aume pamba. Haraka."

"Si umwambie mwenyewe, yuko hapo tu."

"Mwambie wewe. Wewe atakusikia."

Bibi akanitazama, kisha akaenda, akapiga kofi mlangoni, akasema maneno yangu yote kama nilivyoyasema. Bomba likafungwa.